Waya wa Pembe ya Nne

Kaka yangu Ilunga aliponiambia nipande juu ya nyumba ya fundi Ramazani nikafungue waya mmoja, nilipaswa kukataa. Kinywa nilikuwa nacho, na neno lenyewe ni fupi. Nilikubali, tena kwa furaha, kwa sababu ni mara chache Ilunga alinihitaji kwa jambo lolote.

Nimekaa na habari hii muda mrefu bila kuiandika. Wiki hii vijana wa mtaa wamepita hapa kwangu. Walivaa vizibao vya rangi ya machungwa, wakabeba ngazi, koleo na kopo la lami ambalo walilichemsha juu ya makaa nje ya ua wangu. Ni watu wa kujitolea. Kabla ya mvua za kwanza wanakwenda nyumba kwa nyumba, wanaziba matundu ya misumari, wanafunga mapaa, wanaeleza wenye nyumba wakimbilie wapi upepo ukija. Binti mmoja akanisalimu kwa heshima: "Bonjour, Papa. Tuko tunafunga manjanja ya batu. Tunaweza kufunga na yako?" Nikamwambia wafunge. Kisha moshi wa lami ukanifikia, nikaingia ndani na kufunga mlango. Nadhani walidhani naumwa.

Ninyi mliokulia mtaa wa Bel-Air pamoja nami mnakumbuka nyumba zetu zilivyokuwa. Kuta za matofali mabichi, na juu manjanja, mabati yaliyokwisha kutumika kwenye nyumba nyingine, yamejaa matundu. Kila familia iliyatuliza kwa kile ilichokuwa nacho: matofali, tairi, jiwe, hata sufuria mbovu iliyojazwa mchanga. Kule Golf, mtaa wa matajiri, walikuwa na vigae na dari, na sijui kama waliusikia upepo. Sisi tuliusubiri. Mwisho wa kiangazi, joto likibana kichwa na maua ya jakaranda yakioza njiani, wazazi walianza kutazama juu kila alasiri. Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa mbaya kuliko mvua yenyewe. Ulikuja na vumbi jekundu, ukaingiza vidole chini ya bati moja, na hilo likifunguka mengine yalilifuata.

Baba alifanya kazi kwenye reli, kama babu kabla yake. Mwaka mmoja aliona nyumba ya jirani ikipoteza paa, na tofali la juu likamwangukia mtoto aliyelala. Mtoto alipona, lakini baba hakusahau. Akaanza kuwaita wanaume wa mtaa kila Jumapili baada ya misa. Walikuja wenzake wa reli, akaja mwashi mmoja, na akaja fundi Ramazani, mshonaji, jirani yetu wa ua kwa ua, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema. Kwa kuwa yeye hakuwa na misa, ndiye aliyetangulia kuwasha moto wa lami. Hakuna aliyelipwa. Mwenye nyumba alitoa mtungi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wakanywa, wakaendelea na nyumba ya pili.

Watu waliwacheka. "Bapolisi ya mupepo banakuya!" wanawake walipiga kelele pale bombani. "Papa Chef, ule mupepo mutaukamata lini? Mutaufunga mu cachot?"

"Kwanza tufunge nyumba yako, mama," baba alijibu bila kusimama. "Mupepo tutaufunga kisha."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye kila pembe ya nyumba wanaume walipigilia ardhini kigingi kirefu cha chuma chakavu. Waya mnene ulizungushwa kwenye boriti ya paa, ukashushwa hadi kwenye kigingi, ukakazwa kwa koleo. Lakini mabati makuukuu hayakuweza kumbeba mtu mzima; angetumbukia sebuleni. Kwa hiyo aliyepanda alikuwa mtoto, na mwepesi kuliko wote nilikuwa mimi. Nilitambaa kwa tumbo, bati likiniunguza magoti, nikapitisha waya kwenye tundu, nikauzungusha kwenye boriti na kuutupa chini. Waliniita Nyani. Nililipenda jina hilo kuliko jina langu la ubatizo.

Waya ukishakazwa, baba aliupiga kwa kidole na kuinamisha sikio. Ulitoa mlio. Mlio ukimridhisha alisema, "Sawa. Hii inasikia." Kisha akaenda kwenye pembe nyingine.

Mimi nilikuwa nimemwona baba kule kazini akilaza sikio juu ya reli ili ajue kama treni inakuja. Nikaunganisha mambo hayo mawili kwa akili ya mtoto. Niliamini kwamba zile waya ni za kuusikiliza upepo. Kwamba upepo ukiwa bado mbali, huko njia ya Kasomeno, waya zinausikia na kumwambia baba. Kazi ya kushikilia paa niliiachia matofali, kwa sababu tofali ni zito, hilo nililijua kwa mikono yangu. Ni kweli kwamba wanaume waliyashusha matofali kwenye kila nyumba waliyomaliza kuifunga, lakini nilidhani ni kwa sababu tofali bichi huyeyuka kwenye mvua. Sikumwuliza mtu. Nani angemfundisha Nyani habari za mapaa?

Ilunga alikuwa fundi wa namna yake. Alitengeneza motokari za waya zilizowafanya watoto wa mitaa mingine waje kutazama. Wakati huo alikuwa anatengeneza lori kubwa lenye trela, kama yale yaliyobeba madini, usukani ukiwa juu ya fimbo ndefu ili uliendeshe ukiwa umesimama. Vijana wa upande wa soko walikuwa wamemtania kwamba trela lake litavunjika mgongo kabla ya kona ya kwanza. Alihitaji waya mnene, na waya mnene wote wa mtaa ulikuwa umefungwa kwenye nyumba.

"Petit, kuya hapa," aliniambia. "Ule waya wa nyuma kwa Papa Ramazani, pale kwenye maracuja. Hakuna mutu anapitaka pale."

"Ni waya ya Baba, yaya," nikasema. Kaka mkubwa sisi humwita yaya.

"Ni ya nyumba. Weye uko na masikio ngapi?"

"Mbili."

"Na nyumba iko na nne. Ya nini yote?"

Nilikuwa nimemweleza ile fikra yangu ya waya na masikio, naye hakunisahihisha. Kama aliijua kweli na akanyamaza, sijui. Sitaki kumtwisha. Mwenye kutambaa juu ya bati nilikuwa mimi.

Niliufungua mchana wa Ijumaa, fundi Ramazani akiwa msikitini na mke wake, Mama Zaina, akiwa sokoni na mtoto. Kwanza nilijipenyeza kwenye maracuja, ile mitambaa ya pasheni, nikafungua kwa koleo fundo la chini, ambalo baba alilifunga kwa mkono wake, kisha nikapanda na kufungua la juu. Na kwa kuwa sikuwa mtoto mbaya, niliona ni haki kuacha kitu mahali pake. Kwenye ua wetu baba alikuwa amepanga matofali machache ya kuchoma kwa ajili ya jiko jipya. Hayo hayayeyuki. Niliyabeba moja moja, nikayapanga juu ya ile pembe, kisha nikarudi chini nikatazama kazi yangu. Nilijisikia nimeiongezea nyumba ya fundi Ramazani nguvu.

Jumapili kundi lilikutana kwenye ua wetu. Alikuwapo mwanamume mmoja mgeni kwenye mtaa, mbishi kidogo, ambaye hakutaka matofali yake yashushwe. Baba akamweleza polepole, na mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake nikila hindi la kuchoma.

"Tofali haishike kitu," baba alisema. "Waya njo inashika. Mupepo ukinyanyua bati, tofali inashuka. Na inashukia nani? Inashukia ule mwenye analala chini yake. Ukinitolea waya moya na ukiniwekea tofali, umeniwekea adui kichwani."

Nililiweka hindi chini. Fundi Ramazani alikuwa anacheka upande wa pili wa moto, anamtania yule mgeni kwamba akili yake nayo inahitaji kigingi. Baba akamaliza kwa kusema kwamba Jumamosi inayofuata watapita nyumba zote kukagua waya kabla mvua haijafika.

Nilimkimbilia Ilunga nyuma ya nyumba. Alinisikiliza, akafunua gunia, akanionyesha lori. Waya ulikuwa umekatwa vipande kwa koleo, umekunjwa na kufumwa, umekuwa mbavu za trela. Hakuna kipande kilichofika urefu wa mkono wangu.

"Tumuambie Baba," nikasema.

"Muambie weye," alijibu, akilifunika lori tena. "Weye njo ulipanda."

Ilikuwa kweli.

Siku zilizofuata niliishi shingo ikiwa imeelekea juu. Asubuhi mbingu ilikuwa safi kama sahani, kufikia mchana mawingu yalikuwa yamejipanga upande mmoja, meusi chini na meupe juu, yananguruma kidogo kisha yanaondoka. Kila yalipoondoka nilipumua, na kila nilipopumua niliahidi kwamba jioni nitamwambia baba. Jioni baba alirudi amechoka, ananawa, mama anamwekea bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo, anatuuliza habari za shule. Nilitazama vidole vyake vikifinyanga tonge. Vilikuwa na makovu ya waya. Nikasema shule ilikuwa nzuri.

Siku moja nilipata akili: kama waya haurudi, basi angalau nishushe matofali. Nilikuwa nimekwisha kushika ukingo wa paa Mama Zaina aliponiona.

"Eh! Nyani! Shuka pale!"

"Nataka tu kutoa kitu, Mama Zaina."

"Kitu gani? Baba yako alikataza mutoto kupanda kama hakuna mukubwa. Ukianguka nitamuambia nini? Shuka, kuya kunywa chai."

Akanikalisha kwenye kiti kidogo cha mlangoni, akanipa chai ya tangawizi na kipande cha mkate. Zaina, binti yake mdogo, alikuwa amelala chumbani, kwenye mkeka karibu na cherehani ya baba yake. Juu ya chumba hicho ndiko kulikokuwa na pembe yangu.

"Tangu baba yako alitufungia nyumba, nalala muzuri," Mama Zaina alisema. "Mwaka ule mwingine mupepo ukipiga, niko chini ya kitanda na mutoto. Sasa hata siamuke. Kula, mwanangu, juu ya nini hauli?"

Nilikula. Mkate ulinisaidia kutosema.

Upepo ulikuja Ijumaa, siku moja kabla ya ukaguzi. Tulikuwa tumerudi kutoka shule. Baba alikuwa kazini. Mchana uligeuka rangi ya shaba, kuku wakaingia bandani, halafu kimya kikatanda hivi kwamba nilisikia kijiko cha mtu kikigonga sufuria nyumba ya tatu. Kisha tukaona vumbi likisimama upande wa barabara, refu kama ukuta. Mwashi wa kundi la baba alipita mbio akipuliza filimbi na kupaza sauti: "Ndani! Ingieni mu nyumba zenye waya! Hapana kubaki inje!"

Mu nyumba zenye waya. Nyumba ya fundi Ramazani ilikuwa moja ya hizo.

Niliruka ua. Fundi Ramazani alikuwa anafunga dirisha la chumba, Zaina akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Mutoke, Papa Ramazani! Mutoke!"

"Tutoke twende wapi? Filimbi inasema ndani."

"Twende kwetu. Baba amesema."

"Baba yako iko kazini."

"Amenituma," nikadanganya. "Amesema kwetu njo iko nguvu."

Alinitazama. Upepo ulikuwa umekwisha kufika kwenye mtaa wa juu. Tulisikia mabati yakianza kupiga makofi. Angeniuliza swali moja zaidi ningemwambia yote, naamini hivyo hadi leo. Lakini jina la baba yangu lilitosha kwa fundi Ramazani. Akamwambia mke wake, "Nenda na mutoto. Miye nafunika mashine, nakuya sasa hivi."

Nilipaswa kusema: acha mashine, pembe hii haina waya, juu yako kuna matofali. Nilimshika Mama Zaina mkono, tukakimbia.

Kutoka kwenye dirisha letu niliona yote kabla vumbi halijafunika. Lile bati la pembeni lilinyanyuka kidogo, likatua, likanyanyuka tena. Matofali yakateleza. Bati likajikunja nyuma kwa mlio ambao sijui niufananishe na nini, likang'oka, na mengine yakalifuata juu ya ua kama karatasi. Pembe nyingine tatu zilibaki zimefungwa. Mama Zaina alikuwa anaita jina la mume wake, mama yangu amemkumbatia kwa nguvu asitoke. Ilunga alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya masikio. Ndipo mvua ikaanguka.

Ilipopungua, fundi Ramazani alitoka mlangoni kwake kwa miguu yake mwenyewe. Mkono wake wa kulia aliubeba kwa mkono wa kushoto, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine. Tofali lilikuwa limemkuta akitandika kitambaa juu ya cherehani.

Walimpeleka hospitali. Baba alipofika, amelowa, watu walikuwa wamejaa kwenye ua. Alizunguka nyumba, akafika kwenye ile pembe ya maracuja, akachutama mbele ya kigingi. Kilikuwa kitupu. Akaingia chumbani, akatoka na tofali mkononi. Lilikuwa tofali la kuchoma. Mtaa wote ulijenga kwa matofali mabichi. Baba aligeuza kichwa taratibu akatazama lile fungu la matofali ya jiko kwenye ua wetu, kisha akaliweka tofali chini, polepole.

"Chef, waya yako iko wapi?" kijana mmoja akauliza. "Ao mwizi ametoroka polisi?"

Wengine wakacheka, kicheko cha watu walioogopa. Hapo Mama Zaina akasogea, analia, akamshika baba mikono. "Mungu akubariki, Papa Chef. Kama haungemutuma mutoto kutuambia tutoke, sasa tungesema nini ya Zaina?"

Baba alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Nilijua kwamba sasa atasema hakumtuma mtu, na nilikuwa tayari, hata nilitamani. Alinitazama muda mrefu, kama anayesubiri mlio wa waya.

"Ndiyo, mama," akasema. Kisha akawageukia watu. "Fundo la chini nilifunga miye. Halikukaza. Kosa iko yangu."

Jioni hiyo inswa waliruka, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza, na watoto wa mtaa wakawakusanya kwenye mabeseni wakiimba. Mimi nilibaki ndani. Kwa akili yangu ya mtoto nilidhani baba amekosea kweli, kwamba hajatambua kitu, na kwamba nimepona. Nilifurahi. Ilunga alikwenda kulitupa lori kwenye mfereji na hakutengeneza jingine.

Mkono wa fundi Ramazani uliunga vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena, hakuweza kushika mkasi. Alijaribu kumfundisha mke wake kukata kitambaa, akakasirika, akaacha, na kabla mvua hazijaisha walihamia Kasomeno kwa ndugu zake. Siku ya kuondoka Mama Zaina alinipa kofia aliyoishona mwenyewe, ikiwa imepinda upande, akasema mimi ndiye niliyewaokoa. Msimu uliofuata baba alipita kuwaita wanaume, wakatoa udhuru. Wenye nyumba nao walisema waya wa Chef wanaujua, ni afadhali tofali. Wakayarudisha matofali juu. Baba akaweka koleo zake chini ya kitanda.

Nilipokwisha kuwa kijana, karibu kumaliza shule ya sekondari, mimi na baba tulikuwa tunarekebisha jiko pamoja. Tulibaki wawili. Alifuta mikono, akaniuliza bila kunitazama: "Kuko kitu unataka kuniambia?"

Nilielewa papo hapo ni kitu gani. Nilielewa pia kwamba alikuwa amekijua tangu siku ile mbele ya kigingi, na kwamba alikuwa ameningoja miaka yote hiyo nije mwenyewe.

"Hapana, Baba," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akachukua tofali lililofuata. Hakuniuliza tena.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mingi kati ya hiyo tuliishi nyumba moja. Nilimtunza, nilimlisha alipougua, watu walinisifu kwamba mimi ni mtoto mwema. Lakini sikuweza kukaa naye kwenye chumba kimoja bila kutafuta sababu ya kutoka. Alipotaka kunisimulia habari za reli, nilisema nina kazi. Alipofariki nilikuwa uani, nikijifanya natafuta kuni.

Kwa waya ule fundi Ramazani alipoteza mkono wake, na mtaa wetu ukapoteza watu waliokuwa wakiulinda. Mimi nilimpoteza baba yangu akiwa bado hai, na hadi anazikwa sikumrudishia kosa langu alilolibeba.